Saa Ngapi, au Kipi Kwanza?

Kabla ya kuitwa Midrand, mahali hapa ninapoishi palijulikana kwa jina la Halfway House, yaani nyumba ya nusu ya safari. Magari ya kukokotwa na farasi yaliyokwenda baina ya Johannesburg na Pretoria yalisimama hapa, wanyama wakapumzishwa na abiria wakapata chakula. Jina hilo halikumwambia msafiri ni saa ngapi. Lilimwambia ametoka wapi na bado hajafika wapi. Treni ya Gautrain ipitayo hapa leo ina tabia hiyohiyo: anayetoka kituo cha Park kuelekea kaskazini atapita Rosebank, Sandton na Marlboro kabla ya kufika Midrand, na baada ya hapo atapita Centurion na Pretoria, kisha atafika Hatfield. Treni yaweza kuchelewa na ubao wa saa waweza kukosea, lakini kwa abiria huyo Centurion haitaitangulia Marlboro hata siku moja.

Nimeanza na vituo vya treni kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na katika kazi hiyo umo uamuzi mmoja unaoonekana mdogo, ambao aghalabu hufanywa asubuhi moja na kusahauliwa jioni yake. Mambo mawili yanapoandikwa katika kumbukumbu za mashine, mashine itajuaje ni lipi lililotangulia? Njia zilizozoeleka ni mbili. Ya kwanza ni kulipa kila jambo namba ya mfuatano: la kwanza 1, la pili 2, na kuendelea, kama tiketi za zahanati. Ya pili ni kuligongea kila jambo muhuri wa wakati: tarehe, saa, dakika, sekunde, na hata sehemu ndogo za sekunde. Wahandisi hubishana kuhusu njia hizi kana kwamba ni suala la ufundi tu. Mimi naliona kuwa swali kongwe, ambalo watu wa mwambao wetu walilijibu kwa namna zao muda mrefu kabla ya kompyuta, na katika mji huu nimeliona likiamua haki ya mtu aliyefiwa na mama yake.

Tuutazame kwanza muhuri wa wakati, maana ndio unaovutia zaidi. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji ruhusa ya mtu. Kila mashine ina saa yake. Tukio likitokea, mashine huitazama saa na kuandika. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, na hesabu hiyo haijali kama mashine iko Midrand, Mombasa au Muscat. Kwa mtazamo wa haraka, hapo pangekuwa mwisho wa mjadala: dunia nzima ina hesabu moja, basi mwenye namba ndogo ya sekunde ndiye aliyetangulia.

Lakini saa ya kompyuta ni kipande cha kioo cha kwatzi kinachotetemeka, na vipande viwili havitetemeki kwa kasi moja. Joto likipanda, mwendo hubadilika. Kwa hiyo mashine huulizana saa kupitia mtandao, kwa utaratibu ulioasisiwa na David Mills na kuchapishwa mwaka 1985, na kila moja hujirekebisha. Neno kujirekebisha ndilo lenye hatari. Saa iliyokuwa mbele yaweza kurudishwa nyuma, na tukio lililofuata likaandikwa kuwa limetangulia. Hapa Afrika Kusini, mgao wa umeme umetupa somo la ziada. Vifaa vidogo visivyo na betri ya kutunza saa huzimika umeme ukikatika, na vikiwaka tena huamini kwamba ni tarehe ileile waliyowekewa kiwandani, mpaka mtandao urudi na kuviambia vinginevyo. Katika dakika hizo chache, kifaa huandika kumbukumbu za miaka iliyopita kwa uaminifu wote.

Hata wasimamizi wakuu wa wakati hawakuepuka tatizo hili. Kwa kuwa dunia haizunguki kwa kasi isiyobadilika, tangu mwaka 1972 imekuwa ikiongezwa sekunde moja mara kwa mara katika saa za ulimwengu. Sekunde ya nyongeza ya tarehe 30 Juni 2012 iliangusha mitambo mingi, ukiwemo mfumo wa tiketi ulioyafanya mashirika ya ndege yaandike abiria kwa mkono. Ile iliyofunga mwaka 2016 iliipata kampuni ya Cloudflare: programu yake ilitoa wakati wa mwanzo katika wakati wa mwisho, ikapata jibu lililo chini ya sifuri, na sehemu ya huduma zake ikasimama. Aliyeandika programu ile aliamini kwamba wakati haurudi nyuma. Aliamini jambo la kweli kuhusu ulimwengu, lakini saa si ulimwengu. Mwaka 2022 mkutano wa kimataifa wa vipimo ukaamua kwamba ifikapo mwaka 2035 utaratibu wa sekunde hizo uachwe.

Namba ya mfuatano haina maradhi hayo. Haijali joto wala umeme. 613 hufuata 612 hata kama baina yao umepita mwezi mzima wa giza. Ndiyo inayouwezesha mtandao wenyewe kufanya kazi: barua au picha inayosafiri hukatwa vipande, vipande hupewa namba, na mpokeaji huvipanga kwa namba hizo hata vikimfikia shaghalabaghala. Lakini namba ina gharama yake. Lazima pawepo mkono mmoja unaoitoa. Zahanati yenye dirisha moja haina taabu, yenye madirisha kumi katika miji kumi inataabika, kwa sababu kila dirisha litalazimika kuuliza makao makuu, “Namba ya sasa ni ipi?” na kusubiri jibu. Njia ya mawasiliano ikikatika, wote wamekwama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za Seacom na EASSy zilikatika, na Afrika Mashariki ikapata intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Mfumo wa Dar es Salaam au Nairobi uliotegemea kuomba kila namba kutoka Afrika Kusini kwa njia ile ungeyumba nazo.

Tena namba husema zaidi ya inavyoulizwa. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wanatakwimu wa nchi za Muungano walikadiria idadi ya vifaru vilivyoundwa na Wajerumani kwa kusoma namba zilizochapwa kwenye vifaru vilivyotekwa. Aliyechapa namba alitaka kupanga kazi ya kiwanda. Bila kukusudia, alimhesabia adui yake.

Aliyelitazama suala hili kwa undani kuliko wote ni Leslie Lamport, katika makala aliyoichapisha mwaka 1978. Alianza kwa kuiweka saa kando. Akauliza: tukisema jambo hili limelitangulia lile, tunamaanisha nini hasa? Akajibu kwa kanuni tatu. Mambo yaliyotokea mahali pamoja yana utaratibu wake, mwenyeji wa mahali hapo anaujua. Kutumwa kwa ujumbe hutangulia kupokewa kwake. Na kama la kwanza limelitangulia la pili, na la pili limelitangulia la tatu, basi la kwanza limelitangulia la tatu. Hayo tu. Ikiwa hakuna mnyororo wa jumbe unaounganisha mambo mawili, basi hakuna lililotangulia. Yako sambamba, na mwenye kudai vinginevyo anadai asichoweza kukionyesha.

Kutokana na hayo akapendekeza hesabu nyepesi. Kila mashine iwe na namba yake, iiongeze kwa kila tukio, na iiambatishe kwenye kila ujumbe inaoutuma. Anayepokea atazame namba yake na namba iliyokuja, achukue iliyo kubwa, aongeze moja. Kwa njia hiyo mpokeaji daima huwa na namba kubwa kuliko ya mtumaji, na utaratibu wa sababu na matokeo huhifadhiwa bila yeyote kutazama ukutani. Nilipoisoma makala hiyo mara ya kwanza niliona ni hisabati safi. Baadaye niliona ni maelezo ya jinsi habari zinavyosafiri baina ya watu, hususan watu walio mbali na kwao.

Hapo ndipo ninapolazimika kueleza saa zetu. Kiswahili si mgeni Midrand: Bunge la Afrika lina makao yake hapa, na rais wake wa kwanza, mwaka 2004, alikuwa Mtanzania, Bi. Gertrude Mongella. Maneno yetu yanasikika hapa, lakini saa zetu zimepata taabu kuhama. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu kwa mapambazuko, na saa moja asubuhi ndiyo saa ambayo saa ya ukutani inaandika 7. Hesabu hiyo inafaa mahali ambapo jua halibadiliki sana. Tanga, kutoka mwezi hadi mwezi, macheo hayapishani hata kwa muda wa saa moja. Midrand hupishana kwa karibu saa mbili: Desemba jua limechomoza kabla ya saa kumi na mbili, na Julai wafanyakazi husubiri basi gizani. Juu ya hilo, Afrika Mashariki iko saa moja mbele ya Afrika Kusini. Mtu wa Tanga akimwambia ndugu yake wa Midrand “nipigie saa tatu,” maneno hayo matatu yamebeba kazi ya kutosha.

Na bado hatujaitaja siku yenyewe. Kwa watu wa pwani, siku huanza magharibi, jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. Kwa hiyo “usiku wa Ijumaa,” katika kinywa cha mtu aliyelelewa Pangani au Lamu, ni ule ambao kalenda ya ofisini huuita Alhamisi usiku. Wanaotaka kuondoa shaka husema “usiku wa kuamkia Ijumaa.” Lakini mtu aliyefiwa hatafuti kuondoa shaka, husema kama alivyozoea.

Nimo katika chama cha kuzikana cha watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Midrand na vitongoji vyake. Tunachanga kila mwezi, na mwenzetu akifiwa, chama humpa nauli ya kwenda matangani na msaada wa shughuli. Niliombwa kukiandikia programu ya daftari, kazi ninayoifanya kwa kujitolea. Kanuni za chama zilikuwepo kabla yangu, na mojawapo ilisema kwamba mwanachama aliyechelewa michango ya miezi miwili husimamishiwa haki yake mpaka alipe, na kifo kilichotokea kabla ya malipo hayo hakihesabiwi. Kanuni hiyo haikuwa ya ukatili. Vyama vya namna hii hufa pale watu wanapokuwa wanalipa baada tu ya kupokea simu ya msiba.

Ndugu yetu mmoja wa Tanga, afanyaye zamu za usiku katika ghala, alikuwa nyuma kwa miezi mitatu. Ijumaa moja asubuhi, alipotoka kazini na kukuta mshahara umeingia, alilipa deni lote kwa simu. Daftari likaipa malipo hayo namba 611 na muhuri wa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, kwa saa za hapa. Mchana wa siku hiyo, baada ya swala ya Ijumaa, binamu yake anayeishi Pretoria alimjia na kumketisha chini. Jamaa wa Tanga walikuwa wamemwomba binamu huyo asimpigie simu mtu aliye kazini peke yake usiku, bali aende mwenyewe. Hivyo ndivyo habari za kifo zinavyopelekwa kwetu, hazitumwi hovyo. Jioni yake taarifa ilifika kwa mweka hazina na kupewa namba 614: mama mzazi wa mwanachama amefariki Tanga, usiku wa Ijumaa, saa nne.

Kamati ilikutana Jumamosi. Wajumbe wa bara waliisoma taarifa na kuona pana utata: saa nne ya usiku wa Ijumaa, kwao, ilikuwa haijafika wakati taarifa inaandikwa. Mmoja wao, mtu wa Nakuru, alidhani ni makosa ya uandishi tu na akataka msaada utolewe upesi. Wazee wa pwani walikaa kimya, kwani walikuwa wameielewa. Hatimaye mmoja wao, mtu wa Pangani, alimgeukia mfiwa.

“Mwanangu,” alimwuliza, “usiku wa Ijumaa huu ni upi?”

“Wa kuamkia Ijumaa, mzee. Alhamisi, baada ya Isha.”

Angeweza kunyamaza, na lugha ingemlinda. Kwa jibu lake, kifo kilikuwa kimetangulia malipo kwa zaidi ya saa tisa, na kanuni ilikuwa wazi. Mwenyekiti alinitaka nisome mihuri ya wakati, nami nikaisoma. Saa zilikuwa sahihi. Hakuna mashine iliyokosea, hakuna betri iliyokufa, na kila aliyekuwemo chumbani alijua kwamba jibu la saa halikuwa jibu la haki.

Nilisema kile nilichoweza kusema kutokana na kazi yangu. Niliuliza kanuni ile ilitungwa kumzuia nani. Walinijibu: anayelipa kwa kuwa amesikia. Basi, nikasema, swali letu si kifo kilitokea saa ngapi, bali ni kama habari ya kifo ilimfikia kabla ya kulipa. Baina ya chumba cha hospitali ya Tanga na simu ya mtu huyu asubuhi ile, hapakuwa na ujumbe wowote uliopita. Ujumbe wa kwanza ulifika mchana, na aliyeuleta alikuwepo, akaulizwa, akathibitisha. Kwa namna ya kanuni, kifo na malipo yalikuwa sambamba. Hakuna lililotangulia jingine kwa maana inayotuhusu. Lililotangulia ni malipo dhidi ya habari: 611 kabla ya 614.

Mzee wa Pangani alisema hayo si mageni kwake. Alitukumbusha mlango wa mirathi ambao wanafunzi wa fikihi husomeshwa: watu wanaorithiana wakifa pamoja katika chombo kilichozama au nyumba iliyoanguka, na isijulikane nani aliyetangulia, basi kwa madhehebu yetu ya Shafi hawarithiani wao kwa wao, bali kila mmoja hurithiwa na warithi wake walio hai. Kwa watu wa visiwani na pwani huo si mfano wa kitabuni. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, na familia nzima zilikuwa ndani yake. Mahakama ya kadhi haihitaji kujua kwamba baba alifariki saa saba na dakika kumi. Inahitaji kujua kama alifariki kabla ya mwanawe au baada yake. Na ikikosa kulijua hilo, haibahatishi. Inatangaza kwamba hapana aliyetangulia, na inagawa mali kwa msingi huo. Wanasheria hao waliipa hali ya usambamba hukumu yake karne nyingi kabla ya Lamport kuipa alama ya hisabati.

Lakini mzee huyohuyo hakuniachia niondoke na ushindi mzima. Alisema, na eda je? Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na kwa kauli ya wanazuoni walio wengi siku hizo huanza kuhesabiwa tangu mume alipofariki, si tangu habari ilipofika. Mume akifia safarini na habari ikachelewa miezi miwili, miezi hiyo miwili imekwishahesabiwa. Hapo ujumbe hauna uzito. Kilicho na uzito ni siku yenyewe. Namba 614 haiwezi kumwambia mjane lini atatoka edani. Hali kadhalika mwaka wa zaka, umri wa mtoto wa kuandikishwa shule, na muda wa viza ambao kila mhamiaji wa nchi hii huuhesabu kwa hofu: hayo yote hudai kalenda, na hakuna mfuatano uwezao kuyajibu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiliona suala hili kwa sura mpya. Namba na saa hazishindani, kwa kuwa hazijibu swali moja. Namba hujibu: kipi kilijulikana kabla ya kipi, hapa, kwa mwenye daftari hili? Saa hujibu: jambo hili liko wapi katika kalenda tunayoishirikiana na watu ambao hawajapata kuliona daftari letu? Makosa mengi ya mifumo niliyokutana nayo hutokana na kulichukua jibu la swali moja na kulipachika kwenye jingine. Mtu huona mihuri miwili, 10:04:07 na 10:04:09, na kutangaza kwamba ya pili imesababishwa na ya kwanza. Au huona namba 500 na 501 na kudhani mambo hayo yalifuatana kwa dakika moja. Watumiaji wa M-Pesa hushika vyote viwili mkononi kila siku: ujumbe wa uthibitisho huja na msimbo wa muamala, na huja pia na tarehe na saa. Pakitokea ugomvi na mwenye duka, msimbo ndio unaouonyesha muamala ni upi. Saa humsaidia mtu kukumbuka alikuwa wapi.

Wasomaji wanaoshughulika na historia ya mwambao watayatambua haya haraka kuliko wahandisi. Tarehe ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili, muswada wa Kiarabu na masimulizi aliyoyachapisha João de Barros mjini Lisbon mwaka 1552, na zote mbili hutoa orodha ya masultani: huyu baada ya yule. Sarafu za shaba za Kilwa zina jina la sultani, lakini hazina mwaka. Tuna mfuatano, basi, bila saa. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, alipozitazama tabaka za udongo na sarafu zilizomo, alihitimisha katika makala yake ya mwaka 1965 kwamba nasaba ya Washirazi ilianza mwishoni mwa karne ya 12, si karne ya 10 kama orodha ilivyokuwa ikihesabiwa. Hoja yake iliisogeza kalenda kwa karne mbili. Tabaka zenyewe hazikusogea: kilicho chini kiliendelea kuwa cha zamani kuliko kilicho juu. Mwanaakiolojia anayetaka mwaka hulipeleka kaa kwenye maabara, naye hurudishiwa mwaka wenye mashaka yake, wa kuongeza au kupunguza miongo kadhaa. Hakuna aliye mwaminifu katika fani hiyo anayeuandika mwaka huo bila kuyaandika mashaka.

Uaminifu huo umechelewa kufika kwenye kompyuta, lakini umefika. Mwaka 2012 wahandisi wa Google walieleza mfumo wao uitwao Spanner, wenye saa za atomu na vipokezi vya setilaiti katika vituo vyake. Jambo la ajabu si usahihi wa saa hizo. Ni kwamba programu ikiuliza saa haipewi saa moja, bali hupewa kipindi: wakati wa sasa haupo kabla ya hapa wala baada ya pale. Na mfumo ukitaka kuhakikisha tukio moja limelitangulia jingine, husubiri kipindi hicho cha shaka kipite. Wenye saa bora duniani ndio waliokubali kuandika kwamba hawajui saa kamili.

Daftari letu la Midrand halina saa za atomu. Lina safu tatu kwa kila ingizo. Ya kwanza ni namba, inayotolewa na mkono mmoja, na hiyo pekee ndiyo inayotumika kuamua kipi kilipokewa kabla ya kipi. Ya pili ni muhuri wa wakati wa kupokelewa, kwa saa za ulimwengu, unaomsaidia mtu kutafuta ingizo lakini hauamui jambo. Ya tatu ni wakati wa tukio lenyewe, kama ulivyosemwa na msemaji, kwa maneno yake. Programu haiyageuzi maneno hayo kuwa tarakimu. Mweka hazina huyasoma, na akiona shaka humpigia simu msemaji. Kamati ilirekebisha kanuni: badala ya “kifo kilichotokea kabla ya malipo,” sasa inasoma “kifo ambacho habari yake ilimfikia mwanachama kabla ya malipo.” Ndugu yetu alipewa nauli, akaenda Tanga, ingawa mazishi yalikuwa yamepita.

Wapo wasioridhika na kanuni mpya, nao wana hoja. Mtu wa Nakuru, aliyekuwa mwepesi wa kutoa, ndiye aliyeuliza tutafanyaje siku mwanachama atakapopokea habari saa mbili, akalipa saa tatu, na kutuarifu saa nne. Daftari hujua kilichofika, halijui kilichofichwa. Jibu la kamati lilikuwa kwamba aliyeleta habari ataulizwa, kama alivyoulizwa binamu, na kwamba chama kisichoweza kuamini shahidi hakitaokolewa na saa. Si jibu la kihandisi, wala sijapata lililo bora.

Sasa wenzetu wa Cape Town wanataka kujiunga, nao watakuwa na mweka hazina wao na daftari lao. Mkono mmoja wa kutoa namba hautoshi tena, na sitaki malipo ya mfiwa wa Cape Town yasubiri intaneti ya Midrand. Nimependekeza kila tawi lihesabu namba zake lenyewe, na kila taarifa inayotoka tawi moja kwenda jingine ibebe namba ya mwisho ambayo mtumaji amekwisha kuiona kutoka upande wa pili. Maingizo yatakayounganishwa na mnyororo huo yatakuwa na utaratibu. Yasiyounganishwa yataandikwa kuwa yako sambamba, na kamati itayajadili kama watu wanavyojadili.